Mezanandi, Mama Mkwe na Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amefika. Mabegi mawili, mto wake mwenyewe, na simu. Paa la nyumba yake linaezekwa upya, kwa hiyo atakaa nasi wiki tatu. Nimempokea kwa heshima zote. Shikamoo Mama, karibu Mama, nipe mzigo Mama. Nikabeba begi zito, nikajigonga nalo goti, nikatabasamu.

Baada ya chai akaketi kwenye kiti changu. Hajui kuwa ni changu, na mkwe hasemi mambo kama hayo. Akatoa simu, akaniuliza kama bado nacheza Mazimwi ya Mtaa.

Kama bado nacheza! Mimi niliyemfundisha! Ilikuwa Desemba, kwenye foleni ya hospitali. Daktari alimwambia goti lake linataka kutembezwa, naye akasema hawezi kuzunguka bila sababu kama mbuzi aliyekata kamba. Nikamwonyesha mchezo. Unatembea mtaani na simu, mazimwi wanajitokeza kwenye kioo, unawanasa kwa tenga, unawalisha, unawapiganisha na wa wenzako. Nikampa na zimwi wake wa kwanza: kobe mmoja mzembe niliyekuwa nimemchoka.

Leo tukapigana kirafiki, pale pale sebuleni. Sekunde arobaini. Kobe yule yule! Sasa ana mgongo kama mlima na anaitwa Kobejabali. Alimkalia Kibatari wangu, kijizimwi changu cha moto, mpaka moto ukazimika. Mama yuko daraja la thelathini na moja. Mimi niko la ishirini na mbili. Nipo hapo tangu mwaka juzi.

Akaniambia, "Pole, baba. Kidole kiliteleza tu."

Kiliteleza! Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi ya tarehe 15 kuna mashindano ya mtaa, ukumbi wa maktaba. Mshindi huvishwa taji la bati na picha yake hutundikwa juu ya meza ya mkutubi mwaka mzima. Nimeshiriki mara mbili. Mara ya kwanza nilitolewa na msusi. Mara ya pili nilitolewa na mlango, nilichelewa, ukafungwa. Mwaka huu picha ni yangu. Nimeshachagua upande wa uso. Wa kushoto.

Mama naye amejiandikisha.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Mimi ni fundi wa lenzi kwenye duka la miwani. Nazikata, nazing'arisha, nazitia kwenye fremu. Kazi ya utulivu. Humpa mtu nafasi ya kupanga mambo.

Mpokezi wetu, dada ajuaye kila kitu kabla hakijatokea, amenidokeza kuhusu zimwi adimu aliyeonekana kwenye bwawa nyuma ya kituo cha kusafishia maji. Mezanandi! Ndege wa baharini, jamii ya mnandi. Shingo ndefu, koo jekundu linaloning'inia kama mkoba wa sokoni, macho ya mtu aliyeonewa. Kipaji chake ni kimoja: kumeza. Humeza chochote kilicho mbele yake, hukihifadhi kooni, na akipigwa hukitema usoni mwa aliyempiga. Mpokezi akasema mchezo una maelezo marefu ya kumtunza, niyasome kwanza. Nikamshukuru. Maelezo ni ya watu wasio na kipaji.

Jioni nikaaga kwamba naenda kununua mkate. Kufika bwawani, ndege huyo hapo kwenye kioo, katikati ya matete. Nikarusha tenga la kwanza. Akalimeza. La pili. Akalimeza. Nilikuwa na matenga kumi na mawili. La kumi na mbili likakwama kooni, ndipo akanaswa. Mtu mwenye wivu atasema alikabwa tu. Kunasa ni kunasa! Nikaruka kwa furaha. Niliruka kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa na maji.

Simu haikulowa. Mwili mzima ulizama, mkono mmoja ukabaki juu na simu. Mlinzi wa kituo akaja ukingoni, akaniuliza kama nahitaji msaada au nahitaji faragha.

Nimerudi nyumbani nikichuruzika, bila mkate. Mke wangu hakuuliza kitu. Anafundisha watu kuendesha gari, amezoea kukaa karibu na maafa bila kupiga kelele. Mama ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, kama mvua hiyo ilinikuta nje ya duka la mkate au ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili za malezi. Mezanandi amekula matunda ya nguvu sitini na manne, yaani akiba yangu ya miezi mitatu. Chupa nne za dawa. Nishani yangu ya Mtembezi wa Mwezi. Amekula hata tangazo lililokuwa likipita chini ya kioo. Sijui kama hilo linaruhusiwa.

Leo asubuhi amemmeza Kibatari.

Kibatari wangu! Tumekuwa pamoja miaka miwili! Nikabonyeza kila kitufe. Ndege ananitazama tu, koo limetuna, mwanga mdogo unawaka ndani kama taa ya hema. Njia ya kumtoa ni moja tu: lazima mtu ampige.

Saa ya mapumziko nikamwomba mpokezi anipige. Alikubali haraka mno. Akamtuma Panyawaya wake, akampiga ndege teke moja. Mezanandi akakohoa. Kibatari akatoka kama jiwe la teo, amejaa masizi, akampiga Panyawaya katikati ya paji la uso. Chali! Zimwi wa daraja la ishirini na saba, chali!

Nikamtazama ndege upya. Nikaelewa. Anachomeza ndicho kombora. Tumbo likiwa zito, kombora zito. Kwa hiyo kazi yangu ni kumshindilia mpaka siku ya mashindano. Ajabu hakuna aliyeligundua hili!

Mpokezi akauliza tena kama nimesoma maelezo. Wivu.

Jumapili, 9 Machi

"AMEVIMBIWA." Neno hilo limeandikwa kwenye kioo kwa rangi nyekundu.

Mezanandi amelala kifudifudi, mabawa yametandazwa kama nguo za kuanikwa. Ukimgusa anacheua. Ukimwamrisha anacheua. Nimelazimika kusoma maelezo, mstari mmoja tu, ule wa dawa: hatua elfu kumi na mbili. Kutembea! Kwa miguu! Mimi mgongo wangu ni wa mtu wa kuketi.

Mama amerudi kutoka matembezi yake ya pili ya leo. Anang'aa. Ametuletea habari za mtaa mzima: nani amejifungua, nani anahama, nani amepaka rangi geti. Mimi nimeishi hapa miaka sita na sikujua kuwa tuna majirani.

Jumatatu, 10 Machi

Mashine ya kung'arisha lenzi hutikisika. Simu huhesabu hatua kwa kutikisika.

Naandika hivi ili wajukuu waone jinsi akili inavyofanya kazi.

Saa nne asubuhi nikaifunga simu kwa utepe wa gundi kwenye mkono wa mashine, kando ya lenzi ya mteja, nikawasha, nikaenda kunywa chai. Nilikunywa kwa raha. Nikanywa na cha pili. Niliporudi, gundi ilikuwa imelegea na simu imeteleza mpaka mahali pa lenzi. Mgongo wa simu umeng'arishwa vizuri sana, lazima niseme. Lenzi nayo imekuwa kama dirisha la bafuni.

Mwenye lenzi ni kiongozi wa kwaya. Akaja saa sita. Nikamvisha miwani kwa kujiamini. Akatazama huku, akatazama kule, akasema kwamba anatuona sote tumefuga ndevu. Mpokezi akaondoka chumbani akiwa amefunika mdomo.

Daktari wetu wa macho, ambaye ndiye bosi, hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama mambo ni mazuri nyumbani. Kisha akanipa kazi mpya hadi Ijumaa: kupanga parafujo za fremu kwa ukubwa. Zote. Ni ndogo kuliko mbegu za nyanya.

Na simu? Hatua elfu kumi na moja na mia nne! Halafu ujumbe: "Umetembea kilomita nane bila kuondoka ulipo. Hatua zako zimefutwa."

Mezanandi amecheua akiwa usingizini.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata wazo. Limenijia kati ya parafujo ya mia sita na ya mia saba.

Ndege huyu ni hasara. Hasara humpi adui kwa nguvu. Unampa kama zawadi. Baada ya chakula nikamsogelea Mama na kikombe cha chai, sukari vijiko viwili kama apendavyo. Nikaanza kwa mbali. Nikasema jinsi ninavyomheshimu. Nikasema mtu wa daraja lake hastahili kuhangaika na kobe. Nikasema mimi, kama mwanawe, niko tayari kujinyima, nimpe Mezanandi wangu adimu, na yeye anipe tu yule kobe mzee wa kunipa kumbukumbu.

Mke wangu alikuwa anasahihisha fomu za wanafunzi wake. Kalamu ikasimama.

Mama akamtazama ndege. Hakuuliza nguvu zake wala daraja lake. Aliuliza, "Huyu anakula saa ngapi?"

Nikasema saa zote.

Akasema, "Maskini." Akabonyeza. Kobejabali ni wangu!

Nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikacheza ngoma bila ngoma. Mke wangu akagonga, akauliza kama nimeanguka.

Alhamisi, 13 Machi

Siko sawa.

Kwanza, kobe. Anatii, sikatai. Lakini anatii agizo la jana. Ukimwambia jifiche, anatafakari. Ukimwambia kalia, ndipo anajificha. Nimemsisitizia kwa maneno makali. Saa mbili baadaye akafumba macho, nadhani ndiyo aliposikia.

Pili, ndege. Jana Mama alimtembeza hatua elfu kumi na mbili kabla ya mlo wa mchana. Ameshapona! Leo nimemchungulia Mama kupitia upenyo wa mlango. Ameketi, simu imeegemezwa kwenye bakuli la matunda, anamsemesha ndege kwa sauti ya chini. Anampa tunda moja. Anangoja. Ndege anafungua domo. Anamwambia bado. Ndege anafunga domo!

Nilisahau jambo moja. Kabla ya kustaafu, Mama alikuwa msimamizi wa bwalo katika shule ya bweni. Miaka thelathini na moja. Midomo mia nne, mara tatu kwa siku. Nilipomuuliza siri yake, akasema haipo. Alisema mlafi hapigwi wala hafichwi chakula. Mlafi anaogopa tu kwamba kesho hakitakuwepo. Ukimlisha kwa saa ile ile kila siku, hofu inamtoka yenyewe.

Falsafa! Nami nilitaka kujua kitufe.

Hatua kali zinahitajika. Mama akienda kuoga, nitafungua simu yake na kumshindilia ndege matunda arobaini. Juzi alisema mbele yetu sote kwamba nambari ya siri ya simu yake ni siku aliyozaliwa binti yake, tarehe na mwezi, kwa sababu hiyo hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuisahau.

Sikuikumbuka.

Jioni, mke wangu akiendesha gari, nikamuuliza kwa ujanja mkubwa kwamba eti yeye ni mzaliwa wa tarehe ngapi, kuna fomu kazini. Aliwasha kiashiria. Akatazama vioo vyote vitatu. Akaegesha gari pembeni, akazima injini, akanigeukia.

"Kesho," akasema.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kuzaliwa ya mke wangu. Nilikumbuka mapema! Zawadi: fremu ya miwani, nyekundu, ya kisasa kabisa, iliyobaki dukani. Akaishika. Akasema ni nzuri. Akanikumbusha kwamba macho yake ni mazima. Nikamwambia hayatabaki hivyo milele. Nilikusudia kumtia moyo.

Mama alioka keki, ya ghorofa mbili. Alinikatia kipande cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, akasema fundi hufanya kazi ya macho, macho hula sana. Nikala vitatu.

Saa kumi na moja akaenda kuoga. Nikasikia maji. Nikanyata chumbani kwake. Simu iko chini ya mto. Moja, nne, sifuri, tatu. Ikafunguka!

Ndege huyo. Manyoya yanameta, koo limenyooka, daraja la thelathini na tatu. Nikanyoosha kidole kwenye matunda. Ndipo nikaona jina. Mchezo unakuruhusu kumwita zimwi wako utakavyo, na Mama alikuwa amemwita jina.

"Mkwe."

Nilisoma mara tatu. Mkwe! Shingo ile! Macho yale! Koo lile! Nifananishwe na dubwana linalomeza matangazo! Nilisimama pale nimeghadhibika, mdomo wazi, nikiwa bado na makombo ya keki kidevuni, mpaka nikagundua kwamba maji yameacha kumwagika.

Nikairudisha simu, nikatoka kwa dirisha. Dirisha la chumba kile linatokea kwenye kamba za nguo. Mengine siandiki.

Wakati wa chakula Mama hakumsema mtu. Alisema tu, akipakua, kwamba kule bweni alijifunza kuwa mwizi wa bwalo hana haja ya kufukuzwa. Mwongezee kijiko. Akaniongezea kijiko.

Hajui kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kila kitu kwa utulivu.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Mkutubi ndiye mtangazaji, na kwa sababu ya mazoea ya kazi yake alitangaza kwa kunong'ona kwenye kipaza sauti. Kioo kikubwa ukutani kinaonyesha mapambano. Mke wangu amekaa safu ya mbele, katikati kabisa, ili asionekane anampendelea mtu.

Raundi ya kwanza nilipangwa na fundi bomba. Chura wake alimpiga Kobejabali dakika tisa mfululizo. Kobejabali hakufanya chochote. Chura akachoka, akazimia. Ushindi wa mbinu!

Raundi ya pili, msusi. Yule yule wa mwaka ule! Simu yake ikazimika kwa kukosa chaji katikati ya pambano. Nilimpa pole nyingi. Chaja ilikuwa mfukoni mwangu, lakini yeye hakuiomba.

Raundi ya tatu mpinzani wangu hakutokea. Fainali!

Na upande wa pili wa meza, katika gauni lake la sherehe na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, nani? Alikuwa amepita raundi zote bila kutoa jasho. Nikainuka. Hata vitani kuna adabu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Tusiumizane."

Mkutubi akanong'ona, "Mkwe anaingia uwanjani." Ukumbi ukalipuka. Mkwe! Mkwe! Mkwe! Watu wanapiga meza, na mkutubi mwenyewe kasahau kuwanyamazisha. Nilishangaa kwamba nina wafuasi wengi hivi. Nikapunga mkono. Nikainama kulia, nikainama kushoto. Nikapunga mikono yote miwili. Ndipo nikaona kwamba wanatazama kioo, na kwenye kioo yuko ndege.

Niliketi.

Nikamtoa Kobejabali, nikamwamuru akalie. Kobejabali akajificha, kama nilivyomwamuru Ijumaa. Mama akagusa kioo mara moja, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Mkwe akanyoosha shingo. Akafungua domo. Akafungua zaidi. Nilidhani simu imeharibika. Akammeza Kobejabali mzima mzima, mgongo na mlima wake wote!

"Mkwe amemeza," akanong'ona mkutubi.

Nikabaki na Kibatari. Hapa nilipaswa kufikiri. Kuna mstari kwenye maelezo, nimeusoma sasa hivi, unaosema ndege huyu akiwa amejaa koo usimpige kabisa. Ngoja dakika mbili, atasinzia mwenyewe. Mimi sikungoja. Nilikuwa na hasira ya jina. Nikampiga kwa moto wote niliokuwa nao.

"Mkwe ametema."

Kobe wangu mwenyewe! Alipaa hewani, akazunguka, akatua juu ya Kibatari, na alipotua akakalia. Agizo langu la mwanzo ndilo lililokuwa limemfikia muda huo.

Sekunde hamsini na moja. Nimeongeza kumi na moja tangu Jumatatu ile, na hilo hakuna aliyelitaja.

Wakamvisha Mama taji la bati juu ya kitambaa. Wakampa kipaza sauti. Nilidhani atajisifu, nikajiandaa kusamehe. Akanishika mkono, akanivuta karibu, akawaambia watu kwamba mwezi Desemba alikuwa hawezi kufika hata getini kwake, na kwamba mtu mmoja aliketi naye kwenye foleni ya hospitali saa nne nzima, akamfundisha bila kumwona mzee mjinga. "Mwalimu wangu ndiye huyu," akasema. "Mkipiga makofi, mpigieni yeye."

Wakapiga. Mke wangu akatoa leso. Nami nikatambua hila yake: kunitia chumvi kwenye kidonda hadharani! Nikamgeukia mkutubi nimweleze kuhusu kobe na ucheleweshaji wa maagizo. Hapo ndipo picha ikapigwa.

Kwa hiyo nitatundikwa maktaba mwaka mzima. Mama katikati na taji. Mimi pembeni, upande wa kulia wa uso, mdomo wazi, shingo mbele.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi wa paa amepiga simu. Kazi imeisha mapema.

Mama amefunga mabegi yake mwenyewe. Kabla ya kutoka aliniomba simu. Akabonyeza hiki na kile, akanirudishia. Mezanandi! Amenirudishia! Nikamuuliza anataka nini kwa kubadilishana. Akasema hataki kitu, kobe nibaki naye, yeye ameshazoea kuanza upya. Akanipa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake: asubuhi moja, mchana moja, jioni moja, na matembezi katikati.

Mtu anakupa silaha aliyokushinda nayo, bure. Nimefikiri siku nzima. Mtego uko wapi?

Kiti changu nimekipata. Nimekaa. Hakiko kama nilivyokikumbuka. Nadhani amekibonyeza. Nyumba iko kimya mno. Naisikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani iliharibika. Kifuani nahisi kitu kizito. Ni ile keki.

Mke wangu amesema nimpigie simu mama yake kama nimemkumbuka. Nimkumbuke! Mimi!

Jumatano, 19 Machi

Nimegundua mtego!

Amenipa ndege, amenipa karatasi, lakini hakunipa siri yenyewe. Haiwezekani iwe ni kulisha kwa saa tu. Lazima kuna kitufe. Siri anayo yeye, kule kwake, chini ya paa jipya. Na siri ya adui haiombwi, hupelelezwa.

Nimempigia saa tano. Nimejifanya nauliza hali ya paa. Alifurahi mno, maskini, hakushuku kitu. Nikamwacha aongee. Kaniambia habari za mafundi, za jirani yake aliyenunua jogoo asiyejua saa, za goti. Kaniuliza kama nakula vizuri na kama lenzi ya kiongozi wa kwaya ilitengenezwa. Kuna mahali nilicheka, lakini kwa ajili ya kumlaghai. Dakika hamsini na mbili. Upelelezi mtupu.

Nilipoweka simu chini, Mezanandi alikuwa ameshaingia kwenye mkoba wangu wa mchezo na kumaliza matunda yote ya wiki. Amevimbiwa. Karatasi ya Mama sijaisoma hadi mwisho, ni ndefu.

Haidhuru. Jumamosi naenda kwake. Yeye mwenyewe amenialika, bila kujua anamkaribisha nani. Nitatembea naye mzunguko wake wote, nitambebea mwavuli, nitaketi mezani kwake na kula kila atakachonipakulia. Jumamosi inayofuata nitarudi, na inayofuata hiyo, kadiri uchunguzi utakavyohitaji. Hatajua kamwe kinachonipeleka.

Mama ni mtu wa kuamini watu. Huo ndio udhaifu wake.